Mwanangu amechora bustani ya nyanyake, na ndani yake kuna mtu nisiyemjua

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Nakuru. Mimi na mke wangu husoma majibu yako kila wiki, ila sikudhani siku moja ningeketi niandike barua yangu. Mimi ni fundi wa magari, nina miaka 41 na watoto watatu. Kwetu ni Khayega, kaunti ya Kakamega.

Mama yangu alituacha mwezi Mei. Tulimzika nyumbani, ubavuni mwa baba. Katika kamati ya mazishi mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, kwa hivyo wiki nzima nilishinda na daftari mkononi nikihesabu pesa za jeneza, za hema, za basi na za ng'ombe. Sikumbuki nilisimama kaburini kwa dakika ngapi. Kifungua mimba wetu, mvulana wa miaka 10 aliye Gredi ya 5, hatukumpeleka. Wiki ile alikuwa na mitihani, na tuliona vilio vya matanga vingemlemea. Alibaki kwa jirani hapa Shabab.

Lazima nikueleze kijana huyu na nyanyake walivyokuwa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kazi yangu nayo ilisimama. Tukampeleka kwa mama akiwa na miaka 5, tukidhani ni kwa wiki mbili tatu. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 mimi bado sikuwa nimesimama vizuri, basi akaachwa, na Gredi ya 1 akaianzia kulekule. Aliporudi kwetu mwisho wa mwaka huo Kiluhya chake kilikuwa safi kuliko changu, na kila likizo tangu hapo alikuwa akitusumbua apelekwe kwa Kukhu, ndivyo alivyomwita.

Nyuma ya jikoni ya mama kuna kishamba cha mboga kisichofika robo ekari. Mna tsisaka (saga), murere (mrenda), lisutsa (mnavu), likhubi (kunde), miro (mitoo), mistari michache ya njugumawe, mchaichai, mlimau mmoja na mparachichi mmoja. Wawili hao walishinda humo. Mimi nilipokuwa mdogo nilikikimbia kishamba hicho, maana kuingia ilikuwa kupewa jembe.

Nilipompasha habari za kifo hakulia. Aliuliza tu, "Sasa miro nani atavuna?" Nikamwambia sijui. Akaenda kulala.

Wiki iliyofuata mke wangu, akifagia, alikuta mkebe wa Kimbo chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na mafundo ya vitambaa, kila fundo na mbegu zake. Kumbe alizibeba kutoka Khayega Desemba bila kutuambia. Usiku huufungua, hunusa, huufunga. Kisha mwezi Juni wakapewa insha kuhusu mtu wanayempenda. Aliandika kwamba nyanyake yuko Khayega na kwamba leo ameamka mapema kung'oa magugu. Mwalimu, ambaye alijua tumefiwa, akamsimamisha mbele ya darasa akamwambia ni mwongo. Alirudi nyumbani kimya na mpaka leo ni kimya.

Juzi nikamkuta sakafuni na karatasi ya kalenda ya mwaka jana, upande wa nyuma. Alikuwa amechora kishamba chote. Nikaketi naye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alinionyesha kwa kidole kimoja kimoja.

Lisutsa penye mlango wa jikoni: hizo hazikupandwa, Kukhu alizikuta zimejiotea siku alipoolewa, akajua nyumba hii hatalala njaa. Miro: mbegu yake ilitoka kwa mama yake, ilifungwa kwenye pembe ya leso alipokuwa akiondoka kwao. Mparachichi: ulipandwa juma nililoondoka kuja Nakuru kutafuta kazi, na Kukhu alikuwa akihesabu kwa matunda yake ni misimu mingapi sijaenda nyumbani. Njugumawe: "Hapa ndipo ilipotoka pesa ya mtihani wako, baba. Kukhu aliziuza soko la Khayega." Mama, miaka yote hii nimekuwa nikimshukuru mjomba wangu kwa pesa hizo.

Halafu kuna duara amelichora peke yake, lina mchaichai tu. Nikamuuliza mbona hapa hapana mboga. Akasema, "Hapa hapalimwi. Hapa ni pa senje." Senje ni shangazi. Dada zangu ni wawili, mmoja yuko Eldoret na mwingine Mumias, wote wazima. Nikamuuliza senje yupi. Akasema, "Yule aliyekuja kabla yako. Hakukaa."

Usiku huohuo nilimpigia simu kaka yangu mkubwa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia niache kusikiliza maneno ya mtoto, akakata. Kaka ndiye anayeishi nyumbani. Tangu Juni amekuwa akisema kishamba kile kinakaa bure, na Agosti anataka kukifyeka apande mikaratusi ya kuuza nguzo na kuni. Ana watoto wanne na hali yake ni ngumu, simlaumu. Hati ya shamba bado ina jina la baba.

Mama mkwe anasema mtoto ameshikwa na nyanyake, aombewe. Mke wangu angependa mkebe ule utupwe ili mtoto asahau. Mimi sijui. Je, mwanangu ni mgonjwa? Agosti nimpeleke Khayega au nimkinge? Na nikimwambia kaka asifyeke, mwanamume mzima kama mimi, nitasema natetea nini? Majani ya saga?

Baba wa kijana, Nakuru

*

Ndugu yangu,

Pole kwa kufiwa na mama. Naanzia hapo kwa sababu katika barua yako nimeona hesabu ya jeneza, ya hema na ya ng'ombe, ila sijaona mahali ulipomlilia. Nitalirudia hilo.

Mkebe wa Kimbo usitupwe. Kama umehamishwa, urudishwe leo kabla hajatoka shule, palepale ulipokuwa.

Mwanao si mgonjwa. Mtoto wa miaka 10 anajua kwamba aliyekufa harudi. Lakini huyu hakuona jeneza likishuka, hakutupa udongo, hakusikia nyimbo, hakuona nani alilia na nani alimshika mkono nani. Nyinyi mlimzika; yeye aliambiwa tu. Mara ya mwisho alimwona nyanyake Desemba, na kwa maelezo yako sina shaka walikuwa kishambani. Basi alipopewa insha akamwandika pale alipomwacha, ameinama anang'oa magugu. Na lile swali lake la miro, lirudie polepole. Wewe ulilisikia kama swali la mtoto ambaye hajaelewa. Mimi nalisikia kama swali la mtu aliyeachiwa kazi na hajui aianzie wapi. Ukamjibu "sijui", akaenda kulala. Sikulaumu, hata mimi ningejibu hivyo wiki ile. Lakini swali bado linangoja.

Shuleni nenda wewe mwenyewe, usimtume mama yake, na usiende na hasira. Mweleze mwalimu kwamba mtoto hakuwepo mazishini. Uombe insha ile, uiweke pamoja na ile kalenda. Kisha useme bila kuzunguka kwamba aliitwa mwongo mbele ya darasa, na ni mbele ya darasa hilohilo anapopaswa kusafishwa. Somo la Kilimo wanalo. Mwalimu akimpa dakika kumi awaeleze wenzake mbegu ya mrenda inavyoamshwa ili iote, nadhani ukimya huo utaanza kulegea.

Kuna dalili ambazo ukiziona usingoje barua nyingine kutoka kwangu: akikosa usingizi wiki baada ya wiki, akiacha kula, akikataa shule kabisa, au akisema anataka kumfuata Kukhu aliko. Hapo mpeleke hospitali aonane na mshauri nasaha, au piga 116, laini ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya. Maombi siyapingi. Mwombeeni, tena mbele yake, mkimtaja nyanyake kwa jina. Ninachokataa ni aombewe kama mtu aliyeingiliwa na kitu kibaya. Akishaaminishwa kwamba kumpenda Kukhu ni pepo, atafunga mdomo moja kwa moja, na mdomoni mwake mna habari za nyumba yenu ambazo hakuachiwa mtu mwingine.

Umejiuliza kwa nini aliachiwa yeye? Mimi nililelewa upande wa Nyando na nyanya yangu mzaa mama. Apoth yake na dek yake, kwa Kijaluo, ndizo hizo murere na tsisaka zenu. Nyanya hakuwahi kuniketisha anisimulie maisha yake. Alisimulia tukichambua mboga. Unajua saga zinavyochambuliwa: jani moja moja, shina linawekwa kando, kikapu kimoja kinakula alasiri nzima. Macho yake yalikuwa kwenye majani na mikono ilikuwa na kazi, na ndipo mambo mazito yalipomtoka, hata yale ambayo mbele ya watu wazima asingeyatamka. Msikilizaji alikuwa yeyote aliyebaki ameketi, na mara nyingi ni mtoto asiye na pa kwenda. Wewe ulikimbia jembe, kama wavulana wengi wa rika lako. Mwanao aliletwa wakati dunia nzima imefungwa, akaketi. Mama yako alikuwa na karibu miaka miwili ya alasiri naye.

Ndiyo maana anakijua kishamba kama wewe unavyoijua injini. Lisutsa ni siku ya harusi. Miro ni mama yake na leso. Njugumawe ni mtihani wako. Mparachichi, ndugu yangu, ni wewe usiyekuja. Najua sehemu hiyo ilikuchoma, kwa sababu uliiandika ukaipita upesi. Hapo ndipo mahali pako pa kulia. Usilie ukiwa peke yako kwenye gari. Kijana akuone. Hajaona mtu mzima hata mmoja akimlilia Kukhu, na huenda anadhani yeye ndiye pekee anayemkosa.

Sasa yule senje. Usimhoji mtoto zaidi. Amekupa alichopewa, na ukimbana ataanza kuongeza ili akufurahishe. Kaka yako naye usimuulize tena kwa simu. Fikiria umri wake. Kama mtoto huyo alikuja kabla yako, kaka yako alikuwepo, labda akiwa mdogo kuliko mwanao alivyo leo. Labda aliona. Labda aliambiwa asiseme, naye ametii miaka arobaini. Ulisikia ukali katika ule ukimya wake. Mimi naona mtu aliyeguswa mahali ambapo hakutarajia kuguswa, tena usiku, na mdogo wake aliye mbali. Nenda ukaketi naye ana kwa ana, chini ya mparachichi, na umruhusu anyamaze kadiri anavyotaka. Kabla ya hapo mtembelee mama yeyote wa rika la mama yako aliyebaki pale kijijini, hasa aliyeolewa karibu na wakati wake. Wanawake wa mji mmoja walizalishana, na vitu hivi wanavijua. Beba sukari na majani ya chai, uketi, uzungumze mengine kwanza. Inawezekana utaambiwa kuna mtoto alizaliwa akaondoka. Inawezekana utaambiwa jambo lingine. Chochote utakachosikia, dada zako wawili wakisikie pia, maana huyo ni ndugu yao vilevile.

Na hao dada zako, umewataja mara moja tu, kuniambia wako wazima. Shamba lina jina la baba yenu aliyekwisha kufariki. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, watoto wote ni warithi, wa kike na wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Kifungu cha 45 kinakataza mtu kuishika au kuitumia mali ya marehemu apendavyo kabla ya mahakama kutoa idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sikwambii haya ili umtishe kaka yako. Ukimpelekea sheria kabla ya kumpelekea salamu, utampoteza, na kishamba mtakipoteza pamoja naye. Nakwambia ujue kwamba kusema "tungoje kidogo" si utoto. Mirathi hamjaifungua. Anzeni na barua ya chifu inayotaja warithi wote, nyote wanne mkiwa mmeketi pamoja.

Na umsikie yeye pia. Ana watoto wanne, na mikaratusi ni pesa. Tena ndiye aliyebaki nyumbani, akamzika baba, akaishi na mama miaka yote ambayo nyinyi mlikuja Desemba. Ukifika kutoka mjini na kumkataza, atakuuliza ulikuwa wapi, na hutakuwa na jibu. Kwa hiyo usiende kukataza. Nenda kuomba vitu viwili. Cha kwanza ni muda, mpaka mbegu zivunwe. Cha pili ni ukanda mdogo: ule wa mchaichai, na hatua chache za miro kando yake. Mikaratusi iwe mbali na hapo, pembeni kabisa ya shamba, kwa sababu mti huo hunyonya maji sana na chini yake mboga hazisitawi; hilo hata yeye mkulima analijua. Kama pesa ndiyo shida, zungumzeni pesa waziwazi. Pengine ninyi watatu mnaweza kuchangia karo ya mmoja wa watoto wake, naye akawaachia ukanda huo bila kinyongo. Lakini uwe tayari kwa lolote. Inawezekana atakubali nusu, inawezekana atafyeka vyote. Kishamba cha mboga si jengo. Mboga zile hufa kila msimu na kupandwa upya. Hata mama yako hakuwahi kukiweka kilivyo, alikuwa akikirudia. Kwa hiyo jambo la haraka kwako ni mbegu. Udongo utafuata.

Uliniuliza mwanamume mzima atasema anatetea nini. Kuna Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye kile cha Jomo Kenyatta. Amesimulia kwamba utotoni mwili wake haukuvumilia nyama, maziwa, mayai wala samaki, akalelewa kwa mboga hizihizi. Alipokuwa msomi akakuta wenzake wanaziita magugu, akazifanya kazi ya maisha yake, na leo zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Serikali yenyewe imekuwa ikihifadhi mbegu za kienyeji katika Benki ya Jeni kule Muguga tangu 1988. Mwanao anafanya kazi hiyohiyo kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Usione haya kusimama nyuma yake.

Nakuomba umpeleke Agosti, na mbegu nazieleza kwa kirefu kwa sababu ninaogopa jambo moja. Naogopa apande mbegu za Kukhu zisiote, na moyoni aamini kwamba Kukhu amemkataa.

Saga ina tabia yake. Mbegu iliyovunwa juzi huota kwa shida, inataka ipumzike miezi kadhaa. Zile za mkebeni ni za Desemba, zimekwisha kupumzika, hizo azipande sasa. Zile mtakazovuna Agosti zifungwe mpaka mvua za Machi, na umweleze mapema kwa nini. Mrenda una ganda gumu: mbegu zifungwe kwenye kitambaa, zichovywe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde kama kumi, zipozwe, ndipo zipandwe. Nina hakika analijua hili, ila mwache akufundishe wewe. Lisutsa inavunwa tunda likiiva kabisa, linaminywa kwenye maji, mbegu zinaoshwa na kuanikwa kivulini. Miro inajisemea yenyewe: ganda likikauka ukilitikisa linalia kama kayamba. Likhubi zichanganywe na majivu, la sivyo fukusi watazimaliza kabla ya Krismasi. Njugumawe aziache kwa udongo wa Khayega, hapo Shabab zitamvunja moyo. Nakuru iko juu zaidi na ina baridi kuliko Kakamega, kwa hiyo saga zitachelewa pia, lakini zitakuja. Madumu yaliyokatwa yanatosha, au magunia mawili matatu ya udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe, mahali penye jua. Asipande mbegu zote. Nusu ya kila fundo ibaki mkebeni kila msimu. Na siku ukiwa na nafasi, hapo Gilgil karibu nanyi wako Seed Savers Network, watu wanaowasaidia wakulima kuhifadhi mbegu zao. Mpeleke akaone watu wazima wenye mikebe.

Mke wako nisimsahau. Hana ubaya, anaona mwanawe anateseka na anataka kuondoa kinachomtesa. Mpe kazi katika jambo hili. Kijana amfundishe kuzilaza saga na maziwa chunguni hadi kesho yake ili uchungu utoke, na kuweka mushereka, yale maji ya majivu, kwenye murere. Jikoni ndipo huenda ataanza kuzungumza, mikono ikiwa na kazi.

Ile kalenda ipige picha, kisha siku ukiwa naye uandike nyuma ya kila mmea maneno aliyokwambia, kwa Kiluhya kama alivyoyasikia. Katikati ya duara la mchaichai usiandike kitu kwanza.

Mkifika Khayega, peleka kijana kaburini kabla ya kishamba. Mwambie mlikosea kutompeleka Mei, useme wazi neno hilo, "tulikosea." Mpe udongo atupe. Baada ya hapo atangulie yeye, wewe ukiwa nyuma na kikapu, na kaka yako akiona vema awe nyuma yako. Ondokeni Nakuru na gari la alfajiri, maana mvua ya Kakamega hushuka alasiri, na mbegu za saga hazivunwi zikiwa zimelowa.